Namba Mbili Ameshaingia

Kwa wale ambao gazeti la wiki iliyopita liliishia kufungia maandazi kabla hawajalisoma, tukumbushane kidogo. Faisal, kijana wa Kuze, Mombasa, alikuja Amerika kusoma. Masomo yakamshinda, kazi ya kuegesha magari ikamponyoka, na gari lake bovu likamfia katikati ya barabara kuu ya Beltway huku wenye haraka zao wakimpigia honi. Katika mikosi yote hiyo alibakiwa na kitu kimoja tu cha kumtoa kitandani asubuhi, nacho ni Tasnim.

Tasnim ni Mzanzibari, yatima wa baba, aliyelelewa na shangazi yake Bi Zuwena. Wanakaa kwenye fleti za Adelphi, Maryland. Walii wake, yaani mwenye haki ya kumwozesha, ni ami yake, Mzee Nadir wa Greenbelt. Na Mzee Nadir hakumtaka Faisal. Alimtaka Jabir, mtoto wa rafiki yake, fundi wa kompyuta kule Falls Church, mwenye gari linalowaka bila kusukumwa.

Wiki iliyopita mzee alilegea. Alisema ndoa ipo, Jumamosi ya kwanza ya Shaaban. Faisal akalia mbele za watu.

Hapo ndipo tulipoishia, na laiti tungeishia hapo moja kwa moja.

Mzee Nadir alikuwa na sharti.

"Ukumbi wachukua watu mia na hamsini," alimwambia Faisal. "Mzungu mwenye ukumbi kaapa, akizidi mmoja anaita zimamoto. Na watu wetu unawajua. Ukialika nyumba moja, yaja nyumba, na jirani, na mgeni wa jirani. Nataka kila mtu awe na tiketi yenye namba. Asiye na namba haingii, hata awe nani. Utaweza?"

"Ntaweza, Ami."

"Jabir angeifanya hii huku anakunywa chai."

"Na mimi ntaweza, Ami."

Hakujua ataweza vipi. Hata kompyuta hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni Ombeni, Mpare wa Same aliyekuwa akikaa naye chumba kimoja. Ombeni ni Mkristo, mwanafunzi wa masomo ya jioni, mtu asiyejua utani kwenye kazi, na chini ya dirisha lao alikuwa na kompyuta kuukuu inayonguruma kama jokofu.

"Kaa hapa, kaka," Ombeni alimwambia, akamfungulia ukurasa wenye visanduku vitupu. "Huku kushoto andika majina ya watu wako. Umemaliza? Sasa bonyeza hapa, yajipange yenyewe A mpaka Z."

Majina yakajipanga.

"Pembeni ya jina la kwanza andika moja. Chini yake andika mbili. Zichague zote mbili. Unakiona hiki kidoti cheusi kwenye kona? Kishike na mouse, u-drag mpaka chini."

Faisal akashika, akavuta. Tatu, nne, ishirini, tisini, mia na hamsini. Namba zikashuka, kila moja kwenye kisanduku chake, bila kusukumana. Tangu afike Amerika hakuwa ameona kitu kinachomtii upesi namna ile. Akazifuta zote, akavuta tena, apate raha mara ya pili.

Ombeni akamwonyesha namna ya kuzihamisha mpaka kwenye programu ya kuandikia barua, kila namba ikakae kwenye tiketi yake. Wakazichapa kwenye karatasi ya manjano: "Ndoa ya Faisal na Tasnim", na chini yake namba kubwa nyeusi. Jina la mgeni Faisal aliliandika kwa mkono juu ya bahasha. Kisha akazipeleka mwenyewe, nyumba kwa nyumba, kwa basi na kwa miguu, kwa sababu kwao mtu haalikwi kwa posta.

Akadhani amemaliza. Maskini wa Mungu.

Kesho yake Tasnim alipiga simu. "Njoo. Shangazi kajifungia chumbani."

Faisal alimkuta Bi Zuwena amekaa kitandani, tiketi iko mbele yake juu ya shuka.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Nisomee hiyo namba, mwanangu. Macho yangu mabovu."

"Mia na hamsini, Shangazi."

"Na walioalikwa wangapi?"

"Mia na hamsini."

"Kwa hivyo mie ndiye wa mwisho."

"Si hivyo, Shangazi! Ni kompyuta tu. Imepanga kwa herufi, na jina lako laanza na Zed..."

"Kompyuta inanijua mie? Kompyuta ndiyo iliyomlea mtoto huyu tangu hajaota meno? Haya, namba moja kapewa nani?"

Faisal akatazama zulia. Hakukuwa na haja ya kujibu, maana Adelphi habari hutembea kwa kasi kuliko basi.

"Kapewa Abdalla," Bi Zuwena alijijibu. "Abdalla anayetuuzia kuku. Namba mbili kapewa Abeid, dereva wa teksi. Muuza kuku mbele, dereva wa teksi nyuma yake, kisha umma wote wa Maryland, kisha Zuwena. Ahsante sana. Mie nishapajua pahala pangu. Siji."

Jioni ileile Mzee Nadir akapiga simu. "Dada yangu haji, nami siji. Nami nisipokuja, ndoa hakuna. Ushafahamu?"

Najua wako wanaocheka. Nendeni basi mkampe mzee wenu namba ya mwisho kwenye harusi ya mtoto aliyemlea, kisha mje mnieleze mlivyotoka. Kwao mtu huketi kwa umri na kwa udugu, na namba ni namba. Hakuna anayeamini kwamba moja na mia na hamsini ni sawasawa, hata huyo Ombeni na kompyuta yake haamini.

Faisal akarudi kwenye kile kiti chini ya dirisha. Safari hii hakubonyeza A mpaka Z. Alipanga wazee kwanza. Bi Zuwena moja, Mzee Nadir mbili, wengine wakafuata kwa heshima zao. Akashika kidoti cheusi, akavuta. Zikatoka tiketi mpya mia na hamsini, kwenye karatasi ileile ya manjano, kwa sababu ndiyo iliyokuwapo.

"Kaka," Ombeni alisema, "zile za kwanza lazima zirudi zote. Namba moja ikiwa mikononi mwa watu wawili, mlangoni patawaka moto."

Tasnim naye alisema hayohayo. "Usipige simu, Faisal. Nakuomba. Nenda mwenyewe, mlango kwa mlango. Mpe mtu mpya, chukua ya zamani mkononi mwake."

Alianza vizuri. Ya Abdalla aliifuata siku ileile. Bi Zuwena akapokea namba moja, akaitia kifuani, akasema atafikiri, na wote wakajua atakuja. Lakini katikati ya wiki Faisal alipata kazi ya kuosha vyombo kwenye hoteli moja ng'ambo ya mto, Virginia, kazi aliyokuwa ameiomba tangu kiangazi. Akirudi, viganja vimevimba na mabasi yamekwisha. Akaanza kupiga simu. Wengine aliwapata, na wengine aliongea na mashine zao za kupokea simu: "Asalamu aleikum, ile tiketi usije nayo, mpya utapewa."

Mashine ya Abeid dereva wa teksi ilikuwa imejaa tangu Ramadhani iliyopita. Haikupokea kitu. Faisal akasema atamtafuta kesho, na kesho ikampita.

Ijumaa Tasnim alimwuliza, "Umezikusanya zote?"

"Zote."

"Faisal, zote?"

"Zote, mpenzi. Usiwe na wasiwasi."

Tasnim alikuwa ametiwa hina mpaka kwenye viwiko, na alitabasamu. Faisal aliona tabasamu lile, akajiambia hawezi kulivunja kwa ajili ya vipande vichache vya karatasi.

Mlango wa wanawake alikaa mama mmoja wa Tanga anayewajua wote. Mlango wa wanaume wakamweka Ombeni. Hilo lilikuwa wazo la Faisal, na kila mtu alilisifu. Ukimweka mtu wenu mlangoni atamwonea haya mjomba wake, na rafiki wa mjomba wake, na mwisho watu mia tatu wamo ndani. Ombeni hakumjua hata mmoja.

"Kila mtu atakwambia yeye ndiye mwenye harusi," Faisal alimfunda. "Usimsikilize. Angalia namba, ikate kwenye karatasi yako ya namba, basi."

"Hilo niachie mimi," Ombeni alisema.

Jumamosi baada ya Alasiri bwana harusi akaletwa na gari la rafiki, kanzu nyeupe, joho la kuazima, kilemba kichwani. Baridi ilikuwa imeingia sawasawa. Mlangoni Ombeni alisimama na suti yake ya kanisani, kalamu mkononi, uso umejaa fahari.

"Kaka, mambo safi," alisema. "Hakuna aliyepenya. Kuna watatu walijaribu."

"Nani hao?"

"Wawili vijana tu. Wa tatu mzee mmoja wa joho jeusi, mkali ajabu. Ana namba mbili. Nikamwambia, samahani mzee wangu, namba mbili ameshaingia. Akaniambia yeye ndiye anayeozesha. Nikamwambia, mzee, na wale wenzako wawili wamesema hivyohivyo."

Faisal akageuka kutazama barabarani. "Yuko wapi?"

"Alisimama pale kwenye baridi muda mrefu. Anataka nimwite mtu. Sasa nimwite nani, na mlango nimwachie nani? Mwishowe akapanda gari lake, akaenda zake." Ombeni akamtazama vizuri. "Nimekosea?"

"Hukukosea," Faisal alisema. Na kweli hakukosea, na hilo ndilo lililomuuma.

Akaingia ndani akitafuta namba mbili. Hakuhangaika sana. Abeid dereva wa teksi alikuwa meza ya mbele, sambusa mkononi, tiketi ya manjano imechomoza kwenye mfuko wa shati.

"Bwana harusi! Mabruki!"

"Abeid, hukupata habari kwamba tiketi zimebadilishwa?"

"Habari gani? Mie niko barabarani wiki nzima." Alipoelezwa, sambusa ikarudi kwenye sahani. "Yakhe, basi nitoke nje, niingie tena?"

Faisal alikuwa ameshageuka. Alikwenda kwenye ofisi ya Mzungu mwenye ukumbi, akaomba simu. Mzee Nadir alipokea mwenyewe.

"Ami, ni mimi, Faisal. Nakuomba radhi, Ami, ni makosa yangu..."

"Nilikuja," mzee alisema. Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza. "Nimevaa joho la marehemu kaka yangu, nije nimwozeshe binti yake. Nikaambiwa nimeshaingia. Basi mtafuteni huyo aliyeingia, awaozeshe."

Simu ikakatwa.

Faisal akabaki ameshika mkono wa simu. Ukumbi umejaa, pilau imefunikwa, sheikh ameshaketi kwenye zulia pale mbele, na hakuna wa kumwozesha Tasnim. Alitamani apotee, aamke akiwa tena anaosha masufuria ya watu Virginia.

Mlango wa chumba cha bibi harusi ulifunguka kidogo. Hakumwona Tasnim, alisikia sauti yake tu.

"Wanasema Ami karudishwa mlangoni. Ni kweli?"

"Kweli."

"Kwa nini?"

"Abeid kaja na ile tiketi ya kwanza. Ya namba mbili."

"Uliniambia umezikusanya zote."

"Nilizikusanya nyingi, Tasnim. Kazi ilinibana, mabasi..."

"Sikukuuliza nyingi."

"Nilikudanganya," Faisal alisema. "Nilikuona umefurahi, nikakudanganya. Nisamehe. Nitakwenda kwa miguu mpaka kwa Ami, nimpigie magoti."

"Kama hili dogo umenidanganya usiku wa hina yangu," Tasnim alisema polepole, "makubwa utaniambia nini?"

Mlango ukafungwa. Faisal akasimama hapo kama mtu aliyesahau alichofuata, wageni wakijifanya hawamwoni.

Bi Zuwena ndiye aliyetoka. Alimpita bila neno, akaingia ofisini, akapiga simu kwa ndugu yake. Faisal alisikia vipande tu. "Nadir, ni mie... Hapana, usinipandishie sauti... Ndiyo, na mwenyewe kamdanganya... Watu wamejaa, utamwaibisha mtoto wa kaka yetu... Haya. Haya, njoo."

Akatoka. "Anakuja."

Faisal akauinamia mkono wake aubusu. Bi Zuwena akauvuta.

"Usinibusu bado," alisema. "Sikupenda alivyokubali upesi."

Lakini Faisal hakutaka kusikia hilo. Aliposikia anakuja, roho ilimrudi. Akaenda akaketi kwenye mto wa bwana harusi mbele ya sheikh, akapanga kanzu yake, akafuta kiganja chake cha kulia kisije kikamlowesha mzee wakati wa kushikana mikono. Akamwambia sheikh mambo yametengenea. Sheikh, mzee mpole wa Lamu, akasema alhamdulillahi.

Mzee Nadir akaingia. Ombeni safari hii alimfungulia mlango kwa mikono miwili, hakuuliza namba. Nyuma ya mzee alikuwapo Jabir, kanzu imepigwa pasi, kofia mpya. Faisal akadhani amemleta awe shahidi.

Mzee hakumtazama. Alichukua wanaume wawili wa makamo, akaenda nao mpaka kwenye mlango wa bibi harusi, kama inavyotakiwa, akamwulize mwari kama ameridhia. Wakakaa huko kitambo. Walipotoka, mzee aliketi mbele ya sheikh. Faisal akanyoosha mkono, nao ukabaki hewani.

"Sheikh," Mzee Nadir alisema, "nimemwuliza mtoto mara tatu, mbele ya mashahidi hawa. Nimemtajia jina la Jabir. Kanyamaza. Na wewe unajua kuliko mimi, kunyamaza kwa mwanamwali ndiyo ridhaa yake."

Ukumbi mzima ukaweka vijiko chini.

"Ami!" Faisal akasema. "Ami, Tasnim ni mchumba wangu!"

"Aliyekuwa," mzee alijibu, bado akimtazama sheikh.

"Mzee Nadir," sheikh alisema, "hata karatasi ya ndoa ya kaunti ina jina la huyu."

"Ya kaunti tutaikata nyingine Jumatatu. Mimi nimekuja kwa ya Mungu. Siwezi kumtia mtoto wa kaka yangu mikononi mwa mtu aliyeshindwa hata kunipa mlango, kisha akamdanganya na mwenyewe."

Jabir alikuwa amesimama, macho chini. Hakusema ndiyo, wala hakuondoka.

Sheikh akashika ndevu zake. "Mimi sifungi ndoa kabla sijamsikia mwenyewe," alisema, akainuka. Alikwenda akasimama kwenye ule mlango, na kwa kuwa ukumbi wote ulikuwa kimya, kila mtu alimsikia.

"Mwanangu Tasnim, mimi ni sheikh. Usiogope mtu. Wamtaka Faisal?"

Faisal akaukodolea macho mlango. Aliomba kwa dua zote alizozijua, na nyingine akazibuni palepale. Neno moja lingemtosha, hata kikohozi kingemtosha.

Hakikutoka kitu.

"Wamtaka Jabir?"

Hapo napo hakikutoka kitu. Nyuma ya mlango kulisikika mwanamke analia, ila si sauti ya Tasnim. Ilikuwa ya Bi Zuwena.

Sheikh akarudi, akaketi taratibu. Alimtazama Mzee Nadir, akamtazama Jabir, kisha akamtazama Faisal kwa huruma ambayo Faisal hakuitaka.

"Kanyamaza kwa wote wawili," alisema. "Na walii wake kashachagua."

"Sheikh, niacheni nimsemeshe," Faisal akaomba. "Dakika moja. Kimya kile ni cha kwangu, ni hasira zake kwangu mimi. Hakumjibu Jabir, kanijibu mimi!"

"Huenda," sheikh alisema. "Mungu ndiye ajuaye. Lakini mwanangu, hebu inuka kwanza hapo kwenye mto."

Faisal akatazama huku na huku, labda yuko mtu wa kusema usiinuke. Abeid aliinamisha kichwa. Ombeni, kule mlangoni, alikuwa anaikunjakunja karatasi yake.

Faisal akainuka, na Jabir akaanza kuvua viatu.